Ulimi wa Dalali wa Kiminini

Vijana wangu mlioingia juzi kwenye kazi ya tiba ya usemi, mmeniuliza mara nyingi katika kundi letu la simu nilifanyaje kazi bila vifaa. Swali hilo hunichekesha. Vifaa nilikuwa navyo: kioo cha kunyolea, tochi, vijiti vya kukandamizia ulimi, chupa ya asali kutoka Mlima Elgon, na kiti cha mgonjwa chenye mguu mmoja mfupi. Kiti hicho kilinisaidia kuliko mnavyofikiri. Mtu anayejizuia asianguke husahau kuona aibu.

Nilianza kama muuguzi katika kliniki ya masikio, pua na koo mjini Kitale, kisha nikapelekwa kusomea tiba ya usemi. Niliporudi, watu hawakujua waniite nani. Wengine waliniletea watoto wenye meno mabovu. Mwishowe wakakubaliana wenyewe kwamba mimi ni daktari wa ulimi, na jina likabaki. Jumatatu hadi Alhamisi nilikuwa Kitale, Ijumaa nateremka Bungoma, kwetu. Chumba changu cha Kitale kilikuwa nyuma ya stoo, na wakati wa mavuno harufu ya mahindi mabichi yanayochomwa nje ya geti iliingia dirishani saa nne asubuhi. Siku hizi nasikia kuna vigae na feni. Ni vizuri. Lakini nikikaa hapa nyumbani Bungoma na kuku wangu, chumba ninachokiona nikifumba macho ni kile cha nyuma ya stoo.

Wengi wa wagonjwa wangu walikuwa wa kiharusi, na watoto wenye kigugumizi. Ninaowakumbuka zaidi ni waliokatwa ulimi kwa sababu ya saratani. Neno "kukatwa" huwatisha watu, kwa hiyo jifunzeni kulieleza. Daktari wa upasuaji huondoa sehemu yenye ugonjwa, na kama ni kubwa hushonea mahali pake kipande cha ngozi na nyama kutoka mkononi. Kipande hicho hujaza nafasi, lakini hakijui kuongea. Kazi yetu ni kuufundisha ulimi uliobaki, midomo na taya kugawana kazi upya.

Mzee mmoja wa Cheptais alikuja mbio siku ambayo haikuwa zamu yake, akafungua mdomo mbele yangu kabla hata ya salamu.

"Daktari, angalia. Ulimi yangu imeanza kumea ndevu."

Nikamulika tochi. Kweli, nywele mbili.

"Mzee, ule mkono walikotoa nyama, ulikuwa na nywele?"

"Eeh, mingi."

"Basi zimekuja na mwenyewe."

Alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa nikaona nyuma ya ulimi wake ikipanda hadi kwenye kaakaa, jambo ambalo kwa wiki mbili alikuwa ameshindwa kulifanya nikimwamuru. Kumbukeni hilo. Mwili una mambo ambayo hauyafanyi kwa amri, ila huyafanya kwa kicheko, kikohozi au mwayo. Ukiyaona, mwambie mgonjwa palepale: "Rudia hiyo."

Aliyenifundisha kutazama hivyo ni Madam Rael, aliyenitangulia katika kazi hii. Alikuwa Msabaoti wa huko huko Cheptais, mrefu, mpole wa sauti, na alikunywa chai ya maziwa mazito bila sukari. Alikuwa na sheria moja tu. "Usianze na sauti," aliniambia. "Anza na mtu. Uliza alikuwa anaongea na nani, mahali gani, na kwa haraka gani."

Niliitikia kwa kichwa, kama mnavyoitikia nyinyi, kisha nikaenda kufanya nilivyosoma kwenye vitabu. Mgonjwa wangu wa kwanza wa saratani pale Bungoma alikuwa karani wa ghala la mahindi. Nilimpa maneno ya kurudia: rangi, rafiki, barua. Akasema langi, lafiki, balua. Nikaandika kwamba ncha ya ulimi haipandi. Tukafanya mazoezi wiki baada ya wiki, yeye akitokwa na jasho, mimi nikitokwa na jasho, kioo kikitokwa na ukungu. Siku moja nikamwita mkewe ndani nimweleze kwa huzuni kwamba sauti moja imekataa.

Mama yule alinitazama, akamtazama mumewe.

"Daktari, si huyu hata kabla wamkate alikuwa anasema tu hivyo? Mimi alinioa akisema hivyo."

Nilipomsimulia Madam Rael, aliweka kikombe chini ili asimwage chai. "Na wewe mwenyewe," akasema, "leo asubuhi umeniuliza kama nimesikia habari kwa ledio."

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, kama yule karani, na r zetu wengi hutoka l. Nilikuwa nikimtibu mtu ugonjwa wa kuwa jirani yangu. Tangu siku hiyo, kabla ya kumgusa mgonjwa niliuliza watu wa nyumbani kwake: huyu mtu alikuwa anaongea vipi?

Nyinyi leo mna simu, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi ana sauti yake ya zamani mahali fulani kwenye simu ya mtoto wake. Ni zawadi kubwa, lakini muishike kama mnavyoshika wembe. Usimchezeshee mtu sauti yake ya zamani kabla hajawa tayari, wala usimrekodi ile mpya bila kumwambia atakachosikia. Mgonjwa wangu mmoja, Mzee Wekesa, alisikia yake mpya mara moja kwa bahati mbaya, mjukuu akichezea simu, akasema jambo ambalo sikulielewa uzito wake hadi baadaye: "Huyo ni mlevi."

Sasa niwaeleze habari za huyo Wekesa, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha sheria ya Madam Rael kwa vitendo.

Alikuwa mkulima wa mahindi Kiminini. Wazazi wake walitoka Malakisi, na ujana wake wote aliupitisha kwenye tumbaku, kuilima, kuikausha na kuivuta. Lakini Kiminini nzima haikumjua kwa kilimo. Walimjua kama dalali wa kanisa. Kwa wale mliokulia mjini, nieleze. Mahindi yakishavunwa, kanisa hupanga Jumapili ya shukrani. Kila nyumba huleta kile shamba lilichotoa: boga, miwa, ndizi, kuku, debe la maharagwe. Baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada papo hapo mbele ya madhabahu, na pesa huenda kwenye paa, au choo, au kiti cha mchungaji. Boga lenyewe si kitu. Mtu hulinunua, hulirudisha, likanunuliwa tena. Watu huja kumsikiliza dalali. Yeye humjua kila mtu na ukoo wake, na hutaja hadharani mambo ambayo ungeyasema mahali pengine ungepigwa. Siku hiyo hakuna kukasirika. Anayechokozwa dawa yake ni kupandisha bei au kurudisha maneno makali zaidi.

Hiyo ndiyo kazi ambayo ulimi wa Wekesa ulikuwa ukifanya kabla ya kupoteza ncha na upande wa kushoto.

Alikuja kwangu na mkewe, Mama Nekesa, mwanamke mfupi mwenye huruma nyingi mno. Nilimwuliza Wekesa jina lake, Mama Nekesa akajibu. Nikamwuliza anakula nini, Mama Nekesa akajibu. Nikamwuliza analala vizuri, akanijibu Mama Nekesa, kisha akaongeza na ya kwake mwenyewe. Nikamwomba mama aniletee maji kwenye bomba la mbali. Hilo nalo ni la kuweka akilini: kila kliniki iwe na bomba la mbali.

Tulipobaki wawili, Wekesa alijishika kwenye kile kiti kinachoyumba. Hatimaye akajaribu. Nilielewa neno moja kati ya matano. Mionzi ya matibabu ilikuwa imemkausha mate, na midomo ilikuwa ikishikana. Tulianza na maji, funda dogo kila baada ya sentensi. Tukaweka asali juu ya mdomo na kwenye pembe zake, ili kile kipande cha ulimi kiifuate. Sauti ya "t" ambayo ncha ya ulimi ilikuwa ikiitoa, tuliufundisha mdomo wa chini uinuke hadi kwenye meno ya juu uifanye badala yake. Haitoki sawa, lakini sikio la msikilizaji hukubali kama maneno ya kando yako wazi. Ugali ulimshinda kwa muda mrefu. Uji aliumudu, kidevu kikiwa chini, taratibu. Miezi ikapita. Mama Nekesa akaanza kumwelewa karibu kila kitu.

Kisha akaacha kuja.

Alikuja Mama Nekesa peke yake, akakaa, na kwa mara ya kwanza akakosa la kusema. Nilimpa maji ya bomba langu la mbali.

"Daktari, alienda duka pale stendi ya Kiminini kuuliza dawa ya wadudu ya mahindi. Kijana wa duka akamwambia, 'Mzee, enda ulale kwanza pombe iishe, urudi kesho.' Mbele ya watu. Wekesa! Mtu hajawahi onja hata busaa ya matanga."

"Akafanya nini?"

"Akarudi nyumbani. Tangu hiyo siku anajibu na kichwa. Hata mimi. Hata wajukuu." Akafuta uso na leso. "Na mavuno ndiyo hii. Wazee wa kanisa wamesema mnada utafanywa na Wafula wa kwaya. Akinyamaza hii mavuno, Daktari, amenyamaza kabisa. Mimi namjua."

Jumamosi hiyo nilikwenda Kiminini. Nilimkuta Wekesa akigeuza mahindi kwenye turubai kwa reki, uwanja mzima ukimetameta kwa njano, na hewa ina ule unga unaokwaruza pua. Nikamsalimu, mulembe. Akainua mkono. Nikachukua reki ya pili nikaanza kugeuza upande wangu. Nilikuwa nimeamua nisiulize swali lolote, na kwa mtu wa kazi yangu hayo ni mateso. Tulikuwa tumefika katikati ya turubai aliposema, bila kunitazama:

"Mimi si mlevi."

Nilimwelewa wazi. Hapa naandika maneno yake kama nilivyoyaelewa, si kama yalivyotoka.

"Najua," nikasema.

"Dalali ni haraka. Hii ulimi haina haraka tena. Wacha Wafula afanye."

Nikamwuliza kama kuna mtu aliyewahi kumpiga video akinadi. Binti yake Nekesa alikuwa nayo. Wekesa alisema hataki kuiona. Nikasema mimi nitaitazama, yeye aendelee na mahindi. Tukaketi mimi, Nekesa na Mama Nekesa kwenye ngazi ya nyumba. Hata hivyo sauti ilimfikia Wekesa kule kwenye mahindi. Ilikuwa sauti ya kutisha kwa kasi yake, kama mashine ya kupukuchua. Kicheko kikavuma kanisani, mkono ukainuka, halafu mwingine. Nilitazama mara moja kama mtu anayeburudika. Mara ya pili nikatazama kama nilivyofundishwa.

"Mzee," nikaita, "hawa watu hawainui mikono ukiongea."

Reki ikasimama.

"Wanacheka ukiongea. Wanainua mikono ukinyamaza. Angalia huyu, angalia na huyu. Ulikuwa unavuta pumzi."

Akaja. Alisimama nyuma yetu, akatazama kipande kile hadi mwisho, kisha kwa kidole akamwonyesha binti yake airudishe. Alipoiona tena akatoa sauti ndogo puani, ya mtu aliyeshikwa.

"Hiyo si pumzi," akasema. "Hiyo ni kumwangalia. Unamtaja, halafu unamwangalia. Maneno ni ya kuwachekesha wale wengine. Mwenye kununua unamwangalia tu mpaka aone aibu."

"Basi macho walikukata?"

Kisha akarudi kwenye reki yake, lakini Jumatatu alikuwa kwenye benchi la kliniki kabla yangu.

Tuliacha kabisa kufukuza kasi, na hapo ndipo nilipokubali kwamba miezi ile yote nilikuwa nimemfundisha kuongea na mimi, mtu mmoja katika chumba kimya. Sasa tukajifunza kuongea na kanisa. Sentensi fupi. Jina kwanza, ili watu wajue habari inaelekea wapi. Neno gumu lisiachwe peke yake mwishoni, liwekwe katikati ya maneno mepesi. Funda la maji wakati wa kumwangalia mtu, si wakati wa kusema. Mazoezi tuliyafanya nyumbani kwake, pembeni ya turubai. Mama Nekesa alikuwa mnunuzi. Siku ya kwanza aliununua ufagio wake mwenyewe kwa bei ambayo haijawahi kutajwa Kiminini, kwa sababu ya huruma.

"Mama," nikamwambia, "hapana. Bishana naye."

"Nitabishana aje na mgonjwa?"

"Na usimmalizie neno."

Hilo lilimshinda zaidi. Wekesa akikwama katikati ya neno, midomo ya Mama Nekesa ilikuwa ikilimaliza yenyewe. Akaanza kuuma pembe ya leso. Hadi mazoezi yanaisha, leso ile ilikuwa imechanika pembe. Nawaambia nyinyi pia: mtu anayetafuta neno hajapotea. Yuko njiani. Ukimmalizia, unamrudisha alikotoka.

Jumapili ya shukrani nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mbele kulikuwa na maboga, miwa imeegemezwa ukutani, ndizi, na kuku waliofungwa miguu. Wafula wa kwaya alianza mnada kwa kipaza sauti. Ni kijana mwenye adabu nzuri, akanadi kama anayesoma matangazo. Watu walinunua kwa upole. Baadaye mchungaji akasimama akasema Mzee Wekesa ameomba kuuza kitu kimoja tu, na kanisa likageuka.

Alikataa kipaza sauti. Alikuwa na chupa ya maji mfukoni mwa koti, na boga kifuani. Akafungua mdomo, na nikajua kabla hajatoa sauti kwamba kinywa kimekauka kwa woga. Maneno ya kwanza hayakueleweka hata kwangu. Watu wakainama mbele. Akajaribu tena.

"Boga hili ni la..."

"La Mama Nekesa!" akamalizia mchungaji, kwa wema wote.

"Limetoka..."

"Shambani!" wakasema akina mama wa safu ya mbele, sauti zao laini kama za wodini.

Huruma ilikuwa ikipita kanisani kutoka benchi hadi benchi, nikaiona. Mtu mmoja akainua mkono kulinunua boga haraka ili yaishe. Nikamtafuta Mama Nekesa kwa macho. Alikuwa na leso mdomoni.

Wekesa akainua kiganja. Akaweka boga juu ya meza, akatoa chupa, akanywa funda, akaifunga. Hakuharakisha.

"Niacheni," akasema. "Nitamaliza mimi."

Yule aliyeinua mkono akaushusha. Kanisa likanyamaza hadi tukasikia kuku.

"Mama Selina."

Selina alikuwa mjane mwenye kibanda cha vitunguu sokoni, na maneno yake yalijulikana kutoka Kiminini hadi Webuye. Kwa miaka mingi yeye na Wekesa ndio walioufanya mnada uwe mnada.

"Mama Selina," akasema tena Wekesa. "Mavuno ile ingine ulinunua miwa ya kanisa. Ukasema ni ya wajukuu. Tukakuona nyuma ya choo. Unakula peke yako."

Ilimchukua muda kuyasema hayo. Kila sentensi ilikuja peke yake, na kila moja ilieleweka. Hakuna aliyecheka. Watu hawakujua kama inaruhusiwa. Wekesa akanyamaza, akamwangalia.

Mama Selina akasimama polepole, akajifunga leso kiunoni.

"Wewe Wekesa! Ati wamekukata ulimi na bado unasumbua wajane?"

Mchungaji akanitazama mimi, sijui kwa nini. Mama Nekesa akatoa leso mdomoni. Nilishika benchi lililokuwa mbele yangu. Mabega ya Wekesa yalianza kutikisika, na kwa sekunde moja nilidhani ni kilio, mpaka akainua uso. Alikuwa akicheka, maji yakimtoka machoni, mdomo uko wazi wote bila kujificha. Hapo kanisa zima likapasuka.

"Boga nalitaka," akasema Selina juu ya kelele, akataja bei ya kumdharau.

Wekesa akamwangalia.

"Ongeza, mama."

Ile "z" ilitoka mbaya kabisa. Hakuna aliyeuliza amesema nini. Mama Selina alikuwa tayari anafungua mkoba, akilalamika.